Mgomba wa Anatoli

Mara ya tatu wazee wa ukoo walipomletea mgomba, Verediana aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akauegemeza ukutani. Walipogeuza migongo alichukua panga, akaukatakata vipande, akawatupia mbuzi.

Jirani yake Yasmini, aliyekuwa akigeuza dagaa mchangani, alishika kiuno akacheka mpaka akatokwa na machozi. "We Vere! Mbuzi wako watanenepa kwa matanga, wallahi."

"Waache wanenepe. Mume wangu si mgomba."

Katika ukoo wa Anatoli, pale Mwamgongo, mtu aliyemezwa na ziwa asionekane hakuachwa hivi hivi bila kaburi. Ulikatwa mgomba wenye kimo chake, ukavishwa nguo iliyobeba jasho lake, ukalazwa ardhini na kuliliwa kama mwili. Bila ya hayo msiba ulihesabiwa kuwa wazi, na msiba ukiwa wazi hakuna mwanaume wa ukoo aliyethubutu kushusha chombo kipya majini, maana iliaminika kwamba ziwa lingemchukua mwingine. Verediana aliyajua yote hayo. Alikuwa Muha wa milimani, kutoka vijiji vya juu vinavyolitazama ziwa kwa mbali, lakini alikuwa ameolewa pwani muda wa kutosha kujua kila lililotakiwa kwa mjane. Alichokataa ni kulitenda.

Anatoli alizama kiangazi, akirudi na mtumbwi kutoka kuuza samaki aina ya migebuka mjini Kigoma. Upepo wa ghafla uliteremka kutoka milimani ukamsukuma kuelekea Kongo, na kilichorudi ufukweni kilikuwa kasia moja. Verediana aliliweka kasia lile nyuma ya mlango. Nguo za mumewe alizikunja ndani ya sanduku la bati: suruali ya kaki, koti, na shati jeupe alilofungia ndoa. Kila jioni alilifungua sanduku, akainusa ile harufu ya moshi na samaki, akalifunga.

Kanisani hakukanyaga tena. Katekista alipokuja kumfariji alimwachia azungumze mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa upole unaouma kuliko tusi: "Mwambie aliyekutuma anirudishie kwanza mtu wangu. Nikimwona, nitakuja kumwimbia."

Aliyekereka kuliko wote alikuwa shemeji yake, Telesphory. Alikuwa ameunda boti, kubwa kuliko yote kijijini, akalipaka rangi ya buluu, akakopa injini. Anatoli alipozama, boti lilikuwa limebakiza siku chache liguse maji. Sasa lilikaa juu ya magogo ufukweni, rangi ikibambuka, kuku wakitagia ndani yake.

"Shemeji," alikuwa akimwita mbele za watu, "njoo uokote mayai yako. Wavuvi wenzangu wana maboti, mimi nina banda."

Verediana hakucheka. Alijua kuwa nyuma ya mzaha ule kulikuwa na neno ambalo wazee walikwisha kulitamka: akiukataa mgomba mara ya nne, atarudishwa kwao milimani, na watoto wake wawili watabaki kwa baba zao. Aliamka nalo na kulala nalo. Hata hivyo, kila alipojiona akilia juu ya shina la mgomba, kitu ndani yake kiligoma. Kumzika Anatoli, aliona, ni kumsamehe Mungu, na yeye hakuwa tayari.

Mama mkwe wake, Bibi Rozalia, ndiye peke yake asiyemsukuma. Alikuja jioni, akaketi kizingitini na ugoro wake, akanyamaza. Siku moja tu alisema, "Mimi ndiye niliyemzaa, Vere. Na mimi pia sijamzika."

*

Huo ulikuwa mwaka 1993. Mwezi wa Oktoba redio zilitangaza kwamba Burundi imechafuka, na kabla watangazaji hawajamaliza kubishana juu ya nani alianza, watu walikuwa wamekwisha kufika. Walifika kwa miguu kupitia vilima, walifika kwa mitumbwi, wengine wakiwa na godoro kichwani, wengine na mtoto asiye wao. Mwamgongo haikuwa na barabara wala hospitali. Ilikuwa na wanawake.

Hili halina budi kusemwa, kwa kuwa husahauliwa makusudi. Baadaye yalipokuja maboti meupe na maturubai, na wageni wenye kamera wakasimama mchangani wakieleza namna wakimbizi walivyopokelewa, ilionekana kana kwamba huruma ilishuka pamoja nao kutoka kwenye ndege. Kabla ya turubai la kwanza kulikuwa na kanga. Kabla ya gunia la kwanza la msaada kulikuwa na ugali wa muhogo wa watu waliokuwa na muhogo huo tu. Na huko mjini kulikuwa na wenyeji wetu, wenye elimu na suti, waliouliza kwa kero ni lini "hawa" wataondoka, ilhali bibi asiyejua kusoma alikuwa amekwisha kuwalaza ndani na yeye akalala jikoni.

Verediana naye alitoa muhogo, lakini hakutoka kwenda ufukweni. Aliwaachia watu chakula mlangoni, akarudi ndani. Alihisi kwamba huzuni yake imejaa na haina nafasi ya huzuni ya mwingine.

Mambo yaligeuka asubuhi moja yenye mawimbi. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda na maboti kambi za mbali za dagaa. Yasmini ndiye aliyeona kwanza: boti la Warundi, limejaa hadi maji yakilamba ukingo, likitokea nyuma ya rasi. Injini ilikohoa, ikazima. Boti likageuka ubavu, wimbi likalipanda, likapinduka.

Mayowe yaliwafikia ufukweni yakiwa membamba, kama ya ndege.

Mitumbwi midogo iliyokuwapo ilisukumwa upesi, lakini kila mmoja aliona kuwa haitoshi. Macho yote yakaenda kwenye boti la buluu. Telesphory alikuwa amesimama kando yake, mkono juu ya mbao, uso umemwishia damu.

"Tele!" Yasmini alipiga kelele. "Unangoja nini, mwaliko?"

"Msiba u wazi," alisema Telesphory. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekwisha kunyang'anywa ndugu na ziwa lile lile. "Nina vijana watatu wa kupanda nao. Likishuka hivi, litachukua mmoja wao. Nikamwambie nini mama yake?"

Verediana alikuwa amekwisha kufika. Hakukumbuka baadaye alivyofika, wala kwamba alikuwa hana viatu. Aliyaona yale mayowe, kama mayowe yanaweza kuonekana, na katika kila mkono uliopunga aliuona mkono mmoja.

"Nitamzika!" alisema. "Shemeji, umenisikia? Nitamzika Anatoli. Lete mgomba wako, nitaulilia. Sukuma!"

"Unaapa?"

"Sukuma, mtoto wa watu!"

Akaegemeza bega kwenye mbao. Bibi Rozalia, mdogo kama mtoto wa shule, akaja akaweka viganja vyake viwili kwenye tezi, nyuma ya boti. "Mimi mama yenu nasema lishuke," alisema. Kuku wakaruka kwa makelele, mayai yakapasuka, magogo yakaviringika, na boti la buluu likaingia ziwani kwa mara ya kwanza.

*

Liliokoa wengi. Vijana wote watatu walirudi wazima. Lakini halikuwaokoa wote, na waliolazwa mchangani mchana ule walikuwa wa kutosha kunyamazisha kijiji.

Miongoni mwa waliopona kulikuwa na mwanamke mrefu aitwaye Astérie. Mtoto wake mchanga, Inamahoro, alikuwa mgongoni, amefungwa kwa shati la mwanaume, mikono ya shati imekazwa kwa mafundo mawili kifuani pa mama. Boti lilipoanza kulemewa, mumewe Barutwanayo alikuwa amelivua shati lake, akamfungia mtoto, akalikaza fundo kwa meno. Kisha wimbi. Sasa Barutwanayo alikuwa amelala mchangani, kifua wazi, na mkewe ameketi kando akimfukuzia nzi kwa kiganja, bila kulia, bila kuzungumza.

Yasmini aligawa kanga kama jemadari. Za kwanza zilikwenda kwa watoto, zilizofuata kwa wanawake waliotoka majini uchi. Zilikwisha. Mapazia yaliteremshwa madirishani, nayo yakaisha. Waislamu walichimba makaburi bega kwa bega na Wakristo, na hakuna aliyeuliza nani azikwe upande gani.

Verediana alisimama mbele ya Barutwanayo. Alimtazama mkewe, kile kiganja kikienda na kurudi, na jambo moja dogo likamkera kuliko vita vizima: kwamba mtu huyu, aliyetoa shati lake, ataingia ardhini bila shati.

Akaenda nyumbani. Akafungua sanduku la bati, na safari hii hakunusa. Koti alimpa mzee aliyekuwa akitetemeka, suruali akampa kijana aliyepoteza yake, na lile shati jeupe la ndoa akarudi nalo ufukweni. Akaosha mwili ule kwa maji ya ziwa, uso, kifua, vidole, polepole, kama anavyooshwa mtu wa nyumbani. Astérie akashika upande wa pili. Wakamvisha pamoja, mmoja akiingiza mkono huu, mwingine mkono ule.

Alipofunga kifungo cha mwisho, Verediana alijisikia akitamka sala ya marehemu. Hakuwa amekusudia. Maneno yalitoka tu, kama maji yanavyotoka kwenye mtungi uliopasuka, na alipofikia mahali pa kutaja jina akasita, kwa kuwa hakulijua.

"Barutwanayo," Astérie alimnong'oneza. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Basi akamtaja.

*

Kosa lake aliligundua siku Telesphory alipokuja na mgomba wa nne begani, na wazee nyuma yake.

"Shemeji, nimekuja kuchukua ahadi."

"Nami niko tayari," alisema Verediana, na kweli alikuwa tayari. Akaingia ndani, akalifungua sanduku, akaona bati tupu. Akalitazama kasia nyuma ya mlango. Kasia halina jasho la kutosha, wazee wangesema. Nguo ilitakiwa. Akatoka mikono mitupu.

"Nguo ziko wapi?" aliuliza Telesphory.

"Nimezigawa."

"Na shati?"

Hilo hakuwa na haja ya kuliuliza. Kijiji kizima kilikuwa kimeona. Telesphory aliutua mgomba chini taratibu, na alipozungumza hasira ilikuwa imechanganyika na hofu. "Unajua ulichofanya? Ulimvisha mgeni nguo ya ndugu yangu, ukamwosha, ukamsalia, ukamzika. Yule aliyelala pale ni nani? Kaburi la Anatoli umempa mtu mwingine! Sasa Anatoli aje kulala wapi?"

"Tele, mtu alikuwa kifua wazi..."

"Na ndugu yangu je? Huko aliko amevaa nini?" Akageukia wazee, na mkubwa wao akatamka lile ambalo Verediana alikuwa akiamka nalo na kulala nalo: afunge mzigo wake, arudi kwao. Watoto ni wa ukoo.

Hapo ndipo watu walipojitenga kupisha njia, na Astérie akaingia uani. Siku zile alikuwa akilala kwa Yasmini, na ukuta kati ya nyumba hizo ulikuwa wa matete. Alikuwa amesikia kila neno. Mkononi alikuwa na shati la mistari ya kijani, limekunjwa vizuri, kola imeliwa na uzee.

"Mnisamehe, Kiswahili changu ni kidogo," alisema. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu, hivyo alivichanganya, na wote wakamwelewa. "Hii ni ya mume wangu. Sijaifua, nilishindwa. Jasho lake limo. Mume wa huyu mama alimpa wangu nguo ya kulalia. Na wangu ampe wake. Watakuwa wamelipana heshima."

Mzee mmoja alianza kusema kwamba desturi haijawahi kuwa hivyo, na desturi kweli haikuwahi kuwa hivyo. Lakini Bibi Rozalia alikuwa amekwisha kunyanyuka kizingitini. Alilichukua shati, akalisogeza usoni, akavuta pumzi kama mkwewe alivyozoea kufanya jioni kwenye sanduku.

"Lina harufu ya mwanaume aliyemwokoa mwanawe," alisema. "Anatoli nilimlea mimi. Angelivaa."

"Mama," Telesphory alilalamika, "hujui kama..."

"Tele, boti lako lilishuka msiba ukiwa wazi. Lilichukua nani?"

Telesphory aligeuka akalitazama boti.

"Liliwarudisha," alisema bibi. "Haya, shika mgomba."

Verediana ndiye aliyeuvisha. Alishika kola na Astérie akashika mikono, kama walivyofanya ufukweni, na ndipo, akivuta kifungo cha kijani juu ya shina lile baridi, alipoona kitu ambacho katekista yeyote asingeweza kumweleza. Alikuwa amemwosha mtu asiyemjua, akiwa na ugomvi na Mungu, na bado mikono yake haikukosea. Basi ng'ambo ile, pwani ya Kongo, ambako upepo ulimpeleka Anatoli, kwa nini asiwepo mwanamke mwingine? Mwenye msiba wake, mwenye ghadhabu zake, lakini mwenye ndoo ya maji na kipande cha nguo. Hakuwa na ushahidi. Hakuupata kamwe. Ila tangu dakika ile hakushindwa tena kuamini, na aliona kwamba Imana, kama Waha wanavyomwita Mungu, hakuwa amenyamaza wakati wote ule. Alikuwa akitafuta mikono.

Alilia. Alilia juu ya mgomba kama alivyoapa, na hakuona haya. Astérie, ambaye hakuwa amelia tangu boti lipinduke, alimwambia "Ihangane", yaani vumilia, mara moja, kisha naye akaangua kilio, na ikawa hakuna awezaye kusema nani anamfariji nani.

Waliuzika kando ya kaburi la Barutwanayo. Udongo ulipokwisha kushindiliwa, Telesphory alipangusa jasho akatikisa kichwa. "Ndugu yangu na mistari ya kijani! Yeye aliyekuwa hataki shati ila jeupe."

"Atazoea," alisema Yasmini. "Amefanyiwa hisani na mgeni, achague na rangi?"

Na watu wakacheka, makaburini, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi.

*

Jumapili iliyofuata Verediana aliketi kanisani benchi la nyuma. Katekista alimwona, akajifanya hakumwona, jambo ambalo alimshukuru kwalo maisha yake yote. Aliimba.

Maboti yaliendelea kuja mwaka ule na miaka iliyofuata, na kila lilipotokea moja nyuma ya rasi, aliyefika wa kwanza majini alikuwa yeye, kanga imefungwa kibwebwe. Aliwapokea walio hai kwa uji na aliwapokea wafu kwa maji. Lile sanduku la bati halikukaa tupu tena. Alikwenda na boti la buluu hadi Kigoma, akapanda sokoni Mwanga, akaomba kwa mafundi cherehani mashati yaliyoharibika, magauni yasiyokombolewa, chochote chenye mikono na kola. Wengine walimpa. Mmoja alimwuliza kwa dharau anajipatia nini kwa kuvisha maiti za watu. "Napata wa kumvisha wangu," alijibu, akanyoosha mkono kupokea kifurushi, na yule fundi hakuwa na namna ila kukitoa.

Astérie alipelekwa makambi ya Kasulu, akalima, akamlea Inamahoro. Vita vilipopoa alirejeshwa kwao, na njiani aliomba apitie ziwani. Akapalilia makaburi yote mawili, akaenda zake. Ilionekana kuwa hadithi imekwisha vizuri.

Mwaka 2015 wakubwa wa Burundi walikorofishana tena, na waliolipa, kama kawaida, ni watu wenye majembe. Maboti yakatokea tena nyuma ya rasi. Inatosha kumtia mtu uchungu usio na dawa kwamba mwanamke mmoja alazimike kuikimbia nchi yake mara mbili katika uhai mmoja, na kwamba wapo waliomtazama mara ya pili kana kwamba amejizoeza tabia hiyo.

Verediana, nywele zimekwisha kuwa nyeupe, alikuwa majini hadi magotini, amenyoosha mikono kupokea. Alimshusha mtoto, akamshusha mzee. Kisha akajikuta ameshika mkono wa mwanamke mrefu aliyeinama kidogo mgongoni, na nyuma yake msichana mkubwa aliyebeba fuko.

Walitazamana.

"Umerudi," alisema Verediana.

"Nimerudi, dada. Ihangane na mimi." Astérie alimwonyesha kwa kidevu fuko alilobeba Inamahoro. "Lakini safari hii nimekuja na mashati. Nimekusanya kijiji kizima. Nilijua sanduku lako litakuwa limepungua."

Verediana alicheka huku machozi yakimtoka, akapokea fuko akajitwika kichwani. Nyuma yao boti lilikuwa bado limejaa watu, na mtoto mmoja alikuwa akilia kwa hofu ya maji. Astérie hakungoja kuulizwa. Alifunga kanga kibwebwe, akageuka, akaingia ziwani na mikono yake wazi.